Tawasifu Zisomwe Mbili Mbili

Mwalimu Nyerere alipata wasaa wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa Ikulu, na baadaye, akiwa amekwisha kustaafu, akatoa kijitabu kikali, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Tawasifu hakuandika. Habari za maisha yake tumeachiwa na wengine, na kazi kubwa kuliko zote, ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, ilitoka mwaka 2020 katika juzuu tatu. Wengi waliotumika chini ya Mwalimu hawakuwa na kusita kama kwake. Rafu ya kumbukumbu za wakubwa wa Afrika Mashariki inazidi kujaa, na vitabu vingi vilivyomo vinafanana kama watoto wa baba mmoja: mwandishi jaladani akitazama mbali, utoto wa kuchunga mbuzi, mwalimu mkali aliyegundua kipaji, kisha kamati baada ya kamati mpaka siku ya uzinduzi, ambapo mgeni rasmi anakimwagia sifa kitabu alichokabidhiwa asubuhi ile ile.

Sisemi visisomwe. Ninachokataa ni kuvisoma kimoja kimoja. Anayesimulia maisha yake ni shahidi mwenye maslahi katika kesi hiyo hiyo. Hata akisema kweli tupu, kweli hiyo kaichagua yeye. Kumfukuza kizimbani hakusaidii. Aitwe shahidi wa pili, na msomaji akae katikati. Ndiyo maana karibu vitabu vyote ninavyovipendekeza hapa nimeviweka na wenzao.

Aanze Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Miaka michache kabla ya kufa kwake Unguja mwaka 1905, mzee huyu aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazihamishia katika herufi za Kirumi, zikachapwa Berlin. Baadaye W. H. Whiteley alizitoa upya huku kwetu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hicho ni kitabu cha mfanyabiashara toka mwanzo hadi mwisho. Humo utakuta frasila za pembe, bidhaa za mkopo, wapagazi waliotoroka, mji uliochomwa, halafu pembe tena. Vita vyake na Nsama wa Itabwa, ambako alijeruhiwa kwa mishale, vimesimuliwa kwa sauti ile ile ya mtu anayehakiki mizigo forodhani.

Kuna kisa kimoja ambacho peke yake kinatosha kukufanya ukitafute kitabu hicho. Njiani kwenda Utetera, ndani kabisa ya Kongo, Hamed anasikia kwamba mfalme mzee wa nchi ile, Kasongo Rushie, alipoteza dada zake zamani, wakatekwa na watu wa Urua. Anayashika majina. Anapofika anajitangaza kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao, kwamba bibi yake aliyezaa mama yake ndiye yule binti aliyepotea. Mzee anaamini, anafurahi kuiona damu yake tena kabla ya kufa, anamkabidhi utawala, na pembe za nchi zinafuata utawala. Mwandishi anakieleza kisa hiki hatua kwa hatua, wala haombi radhi wala hajigambi, kama anavyoeleza bei ya shanga. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili ambamo mtu anajifichua kiasi hicho bila kujua kwamba anajifichua. Angekuwa na mhariri wa siku hizi, angeshauriwa akiondoe kisa hicho.

Shahidi wa pili anapatikana. David Livingstone alikutana naye mwaka 1867, muda mfupi baada ya vita vya Nsama, na shajara zake za mwisho zilichapishwa mwaka 1874. Mmisionari aliyeichukia biashara ya watumwa kuliko kitu chochote anaandika humo kwamba mfanyabiashara huyo alimpa mbuzi, kitambaa na shanga. Njaa ya porini haiulizi itikadi. Ukisoma shajara hizo sambamba na simulizi la Hamed unaona nchi moja kwa macho mawili: mmoja anaona minyororo, mwingine anaona gharama za msafara.

Hata hivyo, wote wawili walikuwa wakubwa wa safari zao. Waliobeba mizigo hawakuandika, au maandishi yao hayakutunzwa. Sauti iliyo karibu nao ninayoijua ilitoka baadaye sana, na mahali pengine: mwaka 1965, katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, leo Lubumbashi, watu waliowahi kuwa watumishi katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, kwa mkono wa André Yav. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Humo Mzungu anatazamwa kutoka jikoni, na jikoni kunaonekana mengi. Kiswahili chake kitamsumbua msomaji wa Unguja au Dar es Salaam. Kimsumbue, atazoea kurasa zikisonga.

Jozi ya pili ni ya wanawake, na hapa ugomvi ni mkali zaidi ingawa mashahidi hawakuonana kamwe. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844. Kusoma alifundishwa, kuandika hakuruhusiwa, akajifundisha kwa siri akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipokula njama dhidi ya ndugu yao Majid, huyu binti wa miaka 15 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua. Mwaka 1866 alitoroka akiwa na mimba ya Mjerumani wa Hamburg, akabatizwa na kuolewa Aden kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki ugenini na watoto watatu. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Mwaka mmoja kabla alikuwa amerudi Unguja na manowari za Kijerumani kudai urithi, na Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua, sasa Sultani, akakataa hata kumwona.

Kurasa zake za maisha ya ndani ya majumba, za harufu, mavazi, ndoa na misiba, hazina mfano. Lakini anapofika kwenye utumwa anageuka wakili, anawaeleza Wajerumani kwamba mambo si mabaya kama wanavyodhani. Inawezekana kwamba kutoka barazani alikokaa ndivyo yalivyoonekana.

Kwa hiyo msomaji avuke bahari hadi Mombasa. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi wanawake watatu wazee wakisimulia maisha yao, na simulizi hizo zikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991, Wanawake Watatu wa Kiswahili. Bi Kaje wa Mwenye Matano anatoka katika jamaa za Thenashara Taifa, waliokuwa na watumwa. Bi Mishi wa Abdala ni wa kizazi cha waliokuwa watumwa. Ukiwaweka wote wawili mbele ya Salme, ile sura yake ya utumwa haisomeki tena kama ilivyosomeka mwanzo. Isitoshe, kitabu hicho kina kicheko. Kina harusi, kina makungwi, kina lelemama na vyama vyake vilivyoshindana mpaka fedha za watu zikaisha. Wanahistoria wa siasa waliotafuta upinzani kwenye ofisi za vyama wangeweza kujifunza kitu kutoka kwa akina mama wa vyama vya Kingi na Scotchi.

Shaaban Robert anastahili tukae naye zaidi. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, na Baada ya Miaka Hamsini aliandika karibu na mwisho wa uhai wake. Siku hizi husomwa pamoja kama kitabu kimoja, na ni chembamba. Wengi wetu tulikikuta shuleni, tukakisoma kwa ajili ya mtihani, yaani hatukukisoma. Mtu mzima akirudi kwake anakutana na karani wa serikali ya kikoloni, Mwafrika mwenye kipaji kuliko wakubwa wake wote, anayehamishwa kutoka kituo hadi kituo, anayefiwa na mke na kubaki na watoto wadogo. Tenzi mbili za wasia kwa watoto hao, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, zimo ndani, na bila maisha yanayozizunguka zinapoteza nusu ya uzito wake. Sauti ni ya mtu aliyevaa kanzu safi: sentensi zimepigwa pasi, hasira imekunjwa vizuri na kuwekwa chini ya mto. Aliyemkosea hatajwi kwa ukali. Mwandishi amekwisha amua atakumbukwaje.

Halafu chukua Barua za Shaaban Robert, zilizochapishwa na TUKI mwaka 2002, ambazo alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958. Mtu ni yule yule, mkono ni ule ule, lakini kanzu kaivua. Anahesabu mshahara. Anaulizia jamaa. Anahangaika na wachapishaji. Ile subira ya Maisha Yangu, ambayo kijana wa kidato cha nne huiona kama hulka tu ya mzee mwema, inaonekana sasa ni kazi ngumu iliyofanywa kila siku baada ya saa za ofisi. Barua hazimshushi hata kidogo. Mimi zimenifanya niiamini tawasifu yake zaidi, kwa kuwa sasa najua alikuwa anazuia nini.

Kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar, mashahidi ni wengi kuliko viti. John Okello, aliyetoka Uganda na kujiita Field Marshal, aliwahi kuchapisha kitabu chake mwaka 1967, na humo hakuna jambo lililofanyika Januari 1964 bila yeye. Ali Muhsin Barwani, waziri wa serikali iliyopinduliwa, aliyekaa miaka 10 katika magereza ya Bara, alitoa chake akiwa uhamishoni miaka ya 1990, na humo Okello anapungua sana kimo. Asomaye kimoja tu kati ya hivyo viwili atatoka na uhakika ambao hana haki nao.

Lakini jozi bora imeshafungwa tayari katika jalada moja. Mwaka 2009 G. Thomas Burgess alichapisha kumbukumbu za Ali Sultan Issa na za Seif Sharif Hamad, moja baada ya nyingine. Issa, mkomunisti aliyekuwa waziri wa elimu wa serikali ya Mapinduzi, anasimulia kwa raha ya mtu aliyekula chumvi nyingi, mpaka gereza alilotupwa baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Seif ni mkavu, mpangilifu, mwenye tarehe. Mmoja anakumbuka ujenzi wa taifa jipya la vijana. Mwingine alikuwa mmoja wa vijana hao hao, kamaliza masomo ya sekondari, na badala ya kwenda chuo kikuu akatakiwa abaki kufundisha. Waziri anazungumzia sera, na mwanafunzi anahesabu miaka aliyoipoteza. Burgess hakuwapatanisha, na amefanya vizuri.

Za marais nitazipitia haraka. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu ya Ali Hassan Mwinyi, 2021, ina sifa ya kuandikwa kwa Kiswahili, na utoto wake wa kupelekwa Unguja kusoma dini ndio ulionishika zaidi. Aliyejiuzulu uwaziri mwaka 1977 kwa makosa ya walio chini yake ana haki ya kusikilizwa. Msomeni pamoja na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2009: yeye aliacha Wizara ya Fedha mwaka 1979 kwa sababu ya ugomvi na Nyerere kuhusu Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1986 serikali ya Mwinyi ikakubaliana na shirika hilo hilo. Benjamin Mkapa alilihutubia taifa kwa Kiswahili safi kwa miaka 10, kisha kumbukumbu zake za mwaka 2019 zikatoka kwanza kwa Kiingereza. Zina ukurasa mmoja ambao wenzake wengi wasingethubutu, pale anapokiri kuwa mauaji ya Pemba ya Januari 2001 ni doa katika uongozi wake. Seif ana upande wake wa habari hiyo.

Ken Walibora peke yake ndiye ninayemruhusu asomwe bila mwenzake. Nasikia Sauti ya Mama, 2014, ni tawasifu ya mwandishi ambaye hana wizara ya kuitetea. Kalamu imekomaa, Kiswahili kinatiririka, na msomaji wa riwaya yake Siku Njema atajua uchungu ule ulitoka wapi. Alifariki Nairobi, Aprili 2020, na kitabu cha pili cha maisha yake hatutakipata.

Kupata vitabu hivi ni shida nyingine. Vya marais vipo dukani. Tippu Tip utamtafuta maktaba ya chuo, na Wanawake Watatu wa Kiswahili, simulizi za bibi zetu wa Mombasa kwa Kiswahili chao wenyewe, kilichapishwa Indiana, Marekani. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaotafuta kitu cha kutoa mwaka ujao waombe haki za kukichapa upya hapa nyumbani. Wasomaji wake wako huku.