Moto usiozimika tumboni: si karuho, si laana



Mwezi huu tunaongea juu ya tumbo. Tunajua ni jambo la haya. Mtu anaweza kukueleza habari ya kichwa na mgongo mchana kutwa, lakini habari ya choo anaificha hata kwa mke wake. Na kuficha huko ndiko kunakotuumiza.

Baba mmoja wa huku Muyinga, mwenye watoto wanne, ametupa ruhusa ya kusimulia yake bila kutaja jina. Alihara damu karibu miezi minane. Alipewa dawa ya ameba, akapata nafuu siku chache, ikarudi. Akapewa antibiotiki, ikarudi tena. Usiku anaamka mara nne, tano. Suruali zikaanza kumvuka. Basi watu wakaanza kusema: huyu amelishwa karuho. Sisi tuliotoka Kivu tunalijua neno hilo: sumu ya polepole. Wakahesabu alikula wapi na nani. Wakafika kwa jirani aliyemkaribisha pombe ya ndizi wakati wa matanga. Tangu siku hiyo watoto wa jirani wakachotewa maji ya mwisho bombani, na mama yao hakuitikiwa salamu.

Mgonjwa mwenyewe alipelekwa kwa mganga, akanyweshwa dawa ya kutapika na kuingiziwa dawa ya miti kwa nyuma. Akazidi kuishiwa nguvu. Ndipo kituo cha afya kikamtuma hospitali ya Muyinga, na baadaye akapanda gari kupitia Karuzi hadi Gitega. Huko akapimwa choo, damu, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi. Mwishowe akaingiziwa kamera ndogo kwa nyuma, daktari akaona utumbo mpana umevimba, mwekundu, wenye vidonda vinavyotoa damu. Hakuna sumu. Ni ugonjwa wa uvimbe wa utumbo usiokwisha.

Sasa uvimbe huo unatoka wapi? Tuueleze polepole.

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili kuna jeni, yaani maagizo tuliyoachiwa na baba na mama. Maagizo hayo hayasomwi yote kwa wakati mmoja. Mengine yanawashwa, mengine yanazimwa, kama taa. Kuna jeni ambazo kazi yake ni vita. Mdudu kama shigela, yule wa kuhara damu, akigusa utumbo, chembe nyeupe za damu zinawasha jeni hizo. Zinatengeneza protini za kupiga kelele: "Adui ameingia, njooni!" Moja ya protini hizo inaitwa TNF. Damu inakimbilia pale, panavimba, panauma, mtu anahara. Hiyo ni kinga nzuri. Adui akishakufa, taa zinazimwa, utumbo unapona.

Kwa mgonjwa wetu, taa hazizimwi. Ni kama walinzi wa usiku ambao mwizi ameshaondoka lakini wao bado wanapiga mawe, na mawe yanaangukia nyumba yenyewe. Bakteria wa kawaida wanaoishi tumboni mwa kila mtu wanaonekana kama adui, na vita inaendelea mwaka hata mwaka.

Ugonjwa huu una sura mbili kubwa. Mmoja unakaa kwenye utumbo mpana tu na kuleta vidonda. Mwingine, uitwao Crohn kwa jina la daktari wa New York aliyeuandika mwaka 1932 pamoja na wenzake, unaweza kushika popote toka mdomoni hadi nyuma. Mwaka 2001 wataalamu wa Ufaransa na wa Marekani walipata jeni ya kwanza inayohusika na Crohn, NOD2, inayosaidia mwili kutambua bakteria. Leo sehemu zaidi ya 200 za jeni zinajulikana kuhusika na magonjwa haya mawili. Mwaka 2024 watafiti wa London walionyesha kwamba jeni nyingine, ETS2, ni kama mkubwa wa walinzi: ikifanya kazi kupita kiasi, chembe nyeupe zinawasha moto mkubwa.

Lakini jeni si hukumu. Mapacha wa kufanana kabisa wana jeni zile zile, na mara nyingi mmoja anaugua, mwenzake hapana. Chakula, sigara, bakteria wa tumboni, yote yanaingia. Kwa hiyo tusimwambie mama, "Ni damu ya ukoo wenu." Na ugonjwa huu hauambukizi. Mnaweza kula sahani moja.

Kwetu huku, kuhara damu mara nyingi ni shigela, ameba au kichocho, na hivyo vina dawa. Kifua kikuu nacho hushika utumbo na kufanana sana na Crohn. Ndiyo maana vipimo ni vingi na vinachosha. Daktari hawezi kukisia tu, juu ya dawa za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni, zinapunguza nguvu za walinzi. Ukizipewa huku una ameba au kifua kikuu kilichojificha, adui anapata mlango wazi. Hata dawa za kuzuia TNF, zilizoanza kutumika Marekani mwaka 1998, haziwekwi kabla ya kupima kifua kikuu. Usiazime vidonge vya jirani, hata kama mnaumwa sawa!

Baba yetu anameza sulfasalazini, dawa ya zamani iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiondoi ugonjwa, inauweka chini. Siku nyingine zinachelewa kufika, naye anaogopa. Tusimdanganye mtu: ni safari ndefu.

Na watoto wetu je? Kuna moto mdogo ambao hauonekani. Watafiti waliopima choo cha watoto wadogo nchi nyingi, na Haydom huko Tanzania, waliona dalili za uvimbe hata kwa watoto wasiohara. Wanafikiri uchafu unaoingia mdomoni kila siku unawasha walinzi kidogo kidogo, na chakula hakiingii vizuri mwilini. Si ugonjwa wa baba huyu, lakini njia ya moto inafanana. Maji safi, choo kilichofunikwa, sabuni na maziwa ya mama vina kazi hapo.

Basi, nenda kituo cha afya ukiona haya:
– damu kwenye choo: siku hiyo hiyo, usingoje;
– kuhara kupita wiki nne;
– kukonda, homa, au kuamshwa na tumbo usiku;
– viungo kuuma au macho kuwa mekundu pamoja na kuhara.

Mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza, zinaweza kuuchochea utumbo. Na ukishapewa dawa, usiache mwenyewe kwa sababu umepata nafuu.

Tulimuuliza yule baba, jambo gani liliuma zaidi. Hakutaja tumbo. Alisema: "Nilimchafua jirani yangu." Alikwenda kwake na karatasi ya hospitali mkononi, akakaa chini, akaomba msamaha mbele ya watoto. Mama wa nyumba alinyamaza muda mrefu, halafu akaleta kiti. Watoto sasa wanachota maji pamoja. Wakubwa bado wanajifunza kusalimiana.

Ndugu zetu, kabla ya kutaja jina la mtu, tutaje ugonjwa kwa muuguzi. Mpaka mwezi ujao.