Mabaki ya vitenge yanaweza kulipa Mbingu, mbinu zipo mtandaoni

KATI ya palizi ya mwisho ya mpunga na mavuno, mkulima wa Mbingu huwa na majuma kadhaa ambayo jembe halina kazi kubwa na mfukoni fedha ni chache. Ni kipindi hicho hicho ambacho mafundi cherehani, kuanzia Mbingu hadi Ifakara mjini, hufagia chini ya meza zao kila jioni na kutupa vipande vya vitenge, kanga na khaki za sare za shule. Vingi huishia jalalani au kuwashia moto.

Katika nchi nyingine vipande kama hivyo ni malighafi ya sanaa inayotundikwa katika majumba ya makumbusho. Sanaa hiyo ni mfarishi wa viraka, yaani tandiko la tabaka mbili au tatu ambalo upande wake wa juu umeungwa kwa vipande vya vitambaa. Waingereza huuita quilt, na ndilo neno la kuandika unapotafuta picha zake mtandaoni, kwa kuwa kwa Kiswahili bado hakuna mengi.

Zamani mtu aliyetaka kujifunza kazi hii alihitaji mwalimu au kitabu kutoka nje. Leo anahitaji simu yenye intaneti na bando. YouTube, iliyoanza mwaka 2005, ina video nyingi zinazoonyesha mkono wa mshonaji hatua kwa hatua, na hata asiyejua Kiingereza anaweza kufuata kwa macho. Kwa hiyo mbinu zinapatikana. Swali la kiuchumi ni ipi inamfaa mtu wa Mbingu, na kama saa atakazotumia zitarudi zikiwa fedha.

Ndugu wa mbali

Pa kuanzia panapofaa zaidi si Ulaya wala Marekani, bali ni India. Katika jimbo la Karnataka wanaishi Wasiddi, watu ambao asili yao ni Waafrika waliopelekwa huko kwa karne nyingi kupitia Bahari ya Hindi, wengi kutoka pwani hii ya mashariki, na wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo kuukuu za familia.

Kawandi haihitaji cherehani, umeme wala pasi. Mshonaji hutandika kitambaa cha chini, mara nyingi sari iliyochakaa, kisha huanza pembeni. Hukunja ukingo wa kiraka kwa ndani, hukipiga bandi kikashikana na kitambaa cha chini, halafu huweka kingine ubavuni mwake. Hivyo hivyo huzunguka pande zote nne, akimaliza mzunguko mmoja anaingia wa pili kwa ndani, mpaka akutane na katikati. Mistari ya bandi huachwa ionekane, nayo ndiyo pambo. Kwa kuwa kingo zimefungwa tangu mwanzo, hakuna kazi ya kushona pindo mwishoni. Katika kila pembe huongezwa vijipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo kawandi huhesabiwa kuwa haijavaa nguo.

Anayefungua simu na kuandika neno kawandi ataona mamia ya picha. Kwa kaya isiyo na cherehani, hii ndiyo mbinu ya kwanza kujaribu.

Mfano wa pili unatoka Alabama, Marekani, mahali paitwapo Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na mto kwa pande tatu. Wakazi wake ni wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Mwaka 1962, walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kivuko chao kilisimamishwa, na hakikurudi hadi mwaka 2006. Wakazi wa Ifakara na Ulanga, waliongoja kivuko miaka mingi kabla ya daraja la Mto Kilombero, hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Wanawake wa Gee's Bend walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochanika na magunia ya mbolea, ili watoto wasilale baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika makumbusho ya Houston, na mwaka 2006 shirika la posta la Marekani likaichapa kwenye stempu. Mwaka 2021 baadhi ya washonaji walifungua maduka yao wenyewe katika soko la mtandaoni la Etsy.

Cha kuiga kwao ni ujasiri wa kutumia vipande vikubwa visivyolingana, vya rangi chache. Jinzi za mitumba zilizochanika magoti zinafaa sana kwa kazi hiyo.

Inchi moja ya nane

Anayetumia cherehani atakutana na mbinu ya miraba, ambayo hapa ndipo wengi hukosea. Tuchukue foronya ya mto wa kochi ya inchi 16 kwa 16. Inahitaji miraba 16, minne kila safu, na kila mraba ukatwe inchi nne na nusu, kwa sababu robo inchi kila upande humezwa na mshono. Mshonaji akizidisha au kupunguza moja ya nane tu ya inchi kwa kila mraba, safu nzima inapotea nusu inchi na kona hazikutani. Kipimo cha karatasi ngumu, kilichokatwa kutoka boksi, kinaokoa kazi kuliko jicho. Aidha, kanga na vitenge vifuliwe kabla ya kukatwa, maana baadhi hujikunja na kuchuja rangi. Mteja ambaye rangi nyekundu imemwagikia nyeupe baada ya kufua mara moja harudi tena.

Bei ya mkono

Mwaka 1886, katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mama aliyezaliwa utumwani, Harriet Powers, alionyesha mfarishi wenye picha 11 za visa vya Biblia. Mwalimu mmoja wa sanaa aliomba kuununua, akakataliwa. Miaka michache baadaye familia ya Powers ilibanwa na shida, naye akautoa kwa dola 10. Mnunuzi alikuwa na dola tano tu. Powers alipokea hizo tano. Mfarishi huo leo uko katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, Washington, na picha yake inaonekana mtandaoni.

Aliyeuza kwa shida aliuza kwa bei ya mnunuzi. Ndiyo maana hesabu ifanywe kabla ya sindano. Tuseme foronya ile imetumia uzi, kitambaa cha nyuma na vifungo vya Sh5,500, mabaki yakiwa ya bure, na imechukua saa sita. Ikiuzwa Sh12,000, inabaki Sh6,500, yaani takriban Sh1,080 kwa saa. Sasa tuseme mfarishi wa kitanda umekula vifaa vya Sh40,000 na saa 80, ukauzwa Sh100,000. Fedha iliyoshikwa ni nyingi zaidi, lakini kinachobaki ni Sh750 kwa saa, na mtaji umelala kwa wiki nyingi. Kila mmoja aweke bei za kwake, kisha alinganishe na ujira wa kibarua wa kupalilia mpunga hapo kijijini. Matokeo yakiwa chini ya ujira huo, bora jembe.

Kunakili na kubuni

Mtandao una mtego mmoja. Mbinu ya kushona haimilikiwi na mtu, lakini mchoro wa msanii aliye hai una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda. Mbali na sheria, kuna sababu ya soko: ua lile lile lililonakiliwa kutoka Pinterest linashonwa pia China kwa mashine, na kwa bei ambayo Mbingu haiwezi kuifikia.

Kisichoshonwa kwingine ni cha hapa. Bonde la Kilombero lina sheshe, na lina ndege mfumaji ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na ambaye makazi yake ni bonde hili pekee. Juu ya Mbingu ipo milima ya Udzungwa, yenye mbega mwekundu asiyepatikana kwingine. Picha hizo zikikatwa katika kitenge na kubandikwa juu ya khaki, kama Powers alivyobandika watu na wanyama wake, zina mnunuzi. Jina la kanga nalo lisikatwe vipande. Liachwe zima, lipite katikati ya foronya, maana wapo watakaonunua kwa ajili ya maneno hayo tu.

Wanunuzi wa kwanza hawako ng'ambo. Wako Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, ambako wageni hufikia kabla ya kupanda kwenda maporomoko ya Sanje. Wako pia katika nyumba za wageni za Ifakara, mji ambao tayari una wanawake wanaofuma vitambaa vya pamba kwa vitanda vya mikono. Foronya tatu za majaribio, zikiachwa mapokezi kwa makubaliano ya kamisheni, zitatoa jibu ndani ya mwezi mmoja. Hadi hapo, bando litumike kwa picha zaidi kuliko video, na video inayofaa ipakuliwe mara moja ili iangaliwe tena na tena wakati mkono unashona.