Mkoba wa Kiunoni kwa Mpanda Mlima wa Siku Moja

Mkoba wa kiunoni, yaani mfuko mdogo wenye mkanda unaofungwa juu ya nyonga, huchukuliwa na wanunuzi wengi kuwa ni mahali pa kuwekea simu na fedha tu, ilhali kwa mtu anayepanda mlima asubuhi na kushuka kabla ya jua kuzama ni chombo cha kubebea uzito, na kwa sababu hiyo unapaswa kuchaguliwa kwa hesabu ya uzito. Hesabu hiyo huanzia kwenye maji, kwani lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna ufundi wa mshonaji unaoweza kuipunguza.

Mlima Longonot, ulio katika Bonde la Ufa nchini Kenya, unalidhihirisha jambo hili vyema. Kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa lililoachwa na volkano, ni takriban kilomita 3 za kupanda, na anayeuzunguka ukingo wote huongeza zaidi ya kilomita 7, akipitia kilele chenye kimo cha mita 2,776, kabla ya kuteremka kwa njia ileile aliyopandia. Njiani hakuna kijito wala chemchemi, kivuli ni haba, na vumbi laini la volkano huingia kila penye mwanya. Kwa kuwa mtembeaji huhitaji takriban nusu lita ya maji kwa kila saa, na jua likiwa kali huhitaji zaidi, safari ya saa tano humdai lita mbili na nusu, ambazo zikijumlishwa na koti jepesi la mvua, chakula, tochi na vifaa vya huduma ya kwanza, huufanya mzigo ukaribie kilo nne.

Uzito huo hauna budi kubebwa na fupanyonga, yaani mifupa iliyoungana baina ya uti wa mgongo na miguu, ambayo ukingo wake wa juu huweza kupapaswa kwa vidole kila upande wa kiuno. Anayejua kufunga kibwebwe anaujua ukweli huu bila kufundishwa: kinachokazwa juu ya nyonga hakiporomoki, na kinachofungwa katikati ya tumbo hubana pumzi kisha huteleza. Mkanda mwembamba, hata ukiwa imara kiasi gani, hukata mwili, na ukikazwa mno huweza kubana mshipa wa fahamu unaopita mbele ya nyonga, hali inayoleta ganzi au hisia ya kuungua upande wa nje wa paja. Kwa hiyo mkoba ufaao una mabawa, yaani sehemu pana zenye sponji ngumu zinazoukumbatia mwili kutoka mgongoni hadi ubavuni, huku utepe mwembamba ukibaki mbele penye bizimu pekee.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni umbali wa mzigo kutoka mgongoni. Kila mzigo unaoning'inia nyuma hufanya kazi kama wenzo, yaani ufito unaozidisha nguvu kadiri unavyorefuka, hivyo chupa ileile ikisogea sentimita chache mbali na mwili humvuta mtembeaji nyuma zaidi na kumlazimisha ainame, hasa kwenye mteremko. Dawa yake ni mkoba bapa wenye tepe za kukaza pande zote mbili, ambazo huusogeza mzigo mgongoni kadiri maji yanavyopungua. Chupa mbili ndogo, moja kila upande, ni bora kuliko moja kubwa, mradi mtembeaji anywe kwa zamu kutoka zote mbili ili mkoba usiegemee upande mmoja.

Kuhusu kitambaa hapana mengi ya kusema. Nailoni nzito inatosha, zipu ziwe na ulimi wa kuzifunika kwa ajili ya vumbi, na upande unaogusa mgongo uwe na wavu unaopitisha hewa. Faida kuu ya mkoba huu dhidi ya shanta, yaani mkoba wa mgongoni, ni kwamba sehemu kubwa ya mgongo hubaki wazi na jasho hukauka, jambo ambalo kwenye joto la Longonot lina thamani kubwa kuliko mifuko kumi ya ziada.

Ujazo wa lita sita hadi nane unatosha kwa safari ya aina hiyo. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kujaza chupa maji, aufunge mkoba juu ya nyonga, kisha apande na kushuka ngazi za duka mara kadhaa. Ukirukaruka au ukiteremka, aurudishe. Na yule ambaye mzigo wake unapita kilo nne, au mjamzito, au mwenye maumivu ya kiuno, achukue shanta.