USUBI WA MTAMA: JINSI YA KUMTAMBUA

Mkulima, pengine umepata kuona suke la mtama limesimama vizuri, nawe ukilipura wapata makapi matupu. Wengi husema ni jua, wengine husema ni ndege. Lakini ndege huacha punje zilizomegwa na maganda yaliyopasuka. Ikiwa maganda ni mazima, yamebanana, na ndani hamna kitu, mshuku usubi wa mtama.

Mtafute asubuhi, tangu saa tatu hivi, siku ambazo mtama unachanua. Tazama kwa makini, maana urefu wake ni kama milimita 2 tu. Kichwa cha njiti ya kibiriti ni kikubwa kuliko yeye. Mwili wake ni wa rangi ya chungwa. Ana mabawa mawili tu, yapitishayo nuru, yenye mishipa michache sana. Nyuma ya mabawa hayo mna vijiti viwili vifupi vyenye vichwa mfano wa pini, vinavyomsaidia asiyumbe anaporuka. Miguu yake ni mirefu na myembamba. Papasi zake, yaani zile pembe za kichwani, zimeungwa kama ushanga. Za dume ni ndefu kuliko za jike. Jike naye ana mrija mwembamba mwishoni mwa tumbo, ambao huuingiza ndani ya ua ili atage. Maisha yake ni kama siku moja tu, lakini kwa muda huo aweza kutaga mayai 30 hadi 100, na funza mmoja yatosha kuharibu punje moja.

Usimchanganye na nyigu mdogo mweusi aonekanaye juu ya masuke hayo hayo. Huyo ana mabawa manne, na papasi zake zimekunjwa kama kiwiko. Ni rafiki yako, kwani watoto wake hula funza wa usubi. Ukiona ganda lina ngozi nyeupe nchani, ametoka usubi. Likiwa na tundu la duara ubavuni, ametoka nyigu.

Kama huna macho makali, bonyeza maganda machache kwa vidole. Yakitoa maji ya rangi ya chungwa, funza wamo.

Mtama uliochelewa kuchanua ndio huumia zaidi, maana usubi huzaliana kwanza katika ule wa mapema. Kwa hiyo patana na jirani zako mpande mbegu ya aina moja kwa wakati mmoja. Ng'oa mtama-mwitu mipakani kabla haujachanua. Ukisha kupura, choma makapi yote, kwa sababu baadhi ya funza hulala humo wakingoja mvua za msimu ujao.