Kabezi–Rumonge: Kabla ya kuongeza springi, angalia shokapu

KABEZI – Wasafirishaji wengi wa barabara ya ziwani kati ya Bujumbura na Rumonge, wakiona gari limelala nyuma kwa mzigo, huenda gereji kuomba springi ngumu zaidi. Gari huinuka, madumu huongezwa na safari huendelea. Shida hujitokeza kwenye kona za kusini ya Kabezi, mahali ambapo milima husogea karibu na maji na barabara kubanwa katikati.

Barabara hiyo ya Taifa namba 3 (RN3) ndiyo njia ya mawese ya Rumonge na ndagala wa Ziwa Tanganyika kwenda soko la Bujumbura. Upande wa kusini inaelekea Nyanza-Lac na kutokea mpaka wa Mugina na Manyovu, kwa wanaokwenda Kasulu na Kigoma. Mwezi Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliikata sehemu ya Gitaza, na katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuingia maeneo ya pwani. Dereva aliyezoea mashimo na matope hayo ana sababu ya kutaka gari refu na gumu.

Lakini hali ya barabara inabadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa kuboresha kilomita 45 za Rumonge–Gitaza pamoja na kilomita 260 za Kabingo–Kasulu–Manyovu upande wa Tanzania. Penye lami nzuri mwendo huongezeka, na gari lililotengenezwa kwa ajili ya mashimo huanza kuyumba pale pale dereva anapojiona yuko salama.

Kinachochanganywa mara nyingi ni kazi ya vifaa viwili. Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kubonyea, ili tairi libaki limeshika barabara. Springi mpya ngumu juu ya shokapu iliyochoka hufanya hali kuwa mbaya zaidi, kwa sababu springi ngumu hurudi juu kwa nguvu kubwa kuliko ile ya zamani na hakuna cha kuizuia. Gari huonekana zuri likiwa limesimama, ila kwenye kona linaelea.

Chukua mfano wa Toyota Probox ya mizigo, gari linalojulikana sana katika njia hii. Kiwandani liliruhusiwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Dumu la lita 20 la mawese lina mafuta ya kilo 18 hivi, na pamoja na dumu lenyewe ni kama kilo 19. Kwa hiyo madumu 20 yanafika kilo 380, na hapo gari limejaa. Madumu 30 ni kilo 570. Springi ngumu zitaficha ziada hiyo machoni, lakini breki, tairi, beringi na rimu ni zile zile. Hesabu ya msafirishaji inaeleweka, hasa baada ya uhaba wa petroli ulioisumbua Burundi: kila lita ibebe mzigo mwingi iwezekanavyo. Ila katika hesabu hiyo bei ya tairi zinazolika upande mmoja haiingizwi, wala siku gari linazolala gereji.

Gari likizidiwa nyuma, pua huinuka. Tairi za mbele, ambazo ndizo zinazoongoza na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, hupungukiwa uzito, na usukani huwa mwepesi kuliko kawaida. Wapo madereva wanaoupenda wepesi huo. Ni dalili mbaya.

Njia za mkato ni nyingi. Vipande vya tairi kuukuu husokomezwa kati ya mizunguko ya springi. Mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, iliyobaki hubeba yote, na springi huweza kukatika. Kuinua gari kwa kuweka vipande vya chuma juu ya springi hupandisha mzigo juu na kuongeza kulala kwenye kona, na kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, ekseli zake hufanya kazi zikiwa zimepinda na kuchakaa mapema. Kwenye Hiace, kukaza boliti za tosheni baa huinua mbele bila kuongeza nguvu yoyote.

Mwenye fedha kidogo aanze na tairi na upepo wake, kisha shokapu, mbili mbili kwa ekseli moja. Zifuate bushi na boli jointi, ambazo ndizo chanzo cha kelele za kugonga. Springi zibadilishwe mwisho, zikiwa jozi ya nguvu sawa, halafu gari lipelekwe alaimenti. Bila alaimenti, tairi mpya huweza kulika vibaya ndani ya muda mfupi.

Safari ya kurudi nayo isisahauliwe. Springi zilizochaguliwa kwa mzigo wa juu kabisa huwa ngumu mno gari likirudi tupu Rumonge. Tairi za nyuma hudunda na kuteleza kwenye kona zenye maji. Na kwa pipa la mawese lililojaa nusu, hakuna springi inayosaidia: mafuta hukimbilia upande wa nje wa kona pamoja na gari. Pipa lijazwe, au mafuta yahamishiwe kwenye madumu.

Wenye malori wanaovuka Manyovu wana jambo moja zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na tani 56 kwa gari zima. Kuongeza mabamba kwenye springi hakubadilishi chochote kwenye mizani.

Kupima shokapu hakuhitaji fundi. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha achia: ikipanda na kutulia, bado nzima, ikidunda mara mbili au tatu, imekwisha. Angalia pia kama ina mafuta yanayovuja ubavuni. Kwa spea za mtumba, sukuma fimbo ya shokapu ndani na kuivuta kabla ya kulipa. Ikiteleza bila upinzani, irudishwe mezani.