Wimbo Uliokataliwa si Wimbo Uliokufa

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana mwenye daftari la nyimbo. Mchana hushinda kwenye karasha akisaga mawe, au dukani akipima sukari. Na usiku, wenzake wakisha lala, yeye huandika, hufuta, kisha huandika tena. Siku moja hufunga safari kwenda mjini akiwa na wimbo mmoja alioutunga kwa jasho lake mwenyewe. Jioni hurudi kimya. Mama yake akimwuliza habari za huko, humjibu kwa neno moja tu: "Wameukataa."

Neno hilo ni zito kwa kijana yeyote. Wapo wanaochana karatasi usiku uleule na kurudi kwenye karasha moja kwa moja. Wapo wengine ambao, kwa haraka ya fedha, huugeuza wimbo wote juu chini ili umpendeze yeyote atakayetoa malipo, hata mwisho mtunzi mwenyewe asiutambue. Makosa yote mawili ni makubwa. Kati yake ipo njia ya tatu, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo: kuufanyia kazi wimbo uliokataliwa ili upate soko, bila kuuza kiini chake.

HUKUMU YA UWANJANI

Usukumani, kuanzia Shinyanga hadi Geita, kukataliwa kwa wimbo si jambo geni hata kidogo. Baada ya mavuno, mnamo miezi ya Juni hadi Agosti, makundi mawili mashuhuri ya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana tangu enzi za mababu. Kila upande una manju wake. Ngoma zote mbili huchezwa kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hakimu ni miguu ya watazamaji: ngoma inayovuta umati mkubwa ndiyo inayoshinda. Manju anaweza kuimba kwa ufundi wa miaka mingi, na bado akauona umati ukimpa mgongo na kumiminika upande wa pili.

Manju wa namna hiyo hafi kwa aibu. Hurudi nyumbani akakaa chini na kuupima wimbo wake. Je, kiitikio kilikuwa kigumu kudakwa na watu wasioujua? Je, aliowataja ni watu wasiofahamika katika kijiji kile? Je, alichelewa mno kufika penye utamu? Akishapata jibu hubadili palipo na dosari, akarudi uwanjani siku nyingine.

Wala si manju mmoja mmoja tu aliyefanya hivyo. Mtaalamu wa muziki Frank Gunderson, katika kitabu chake kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma kilichotoka mwaka 2010, ameonyesha jinsi nyimbo za wawindaji na za wapagazi wa misafara zilivyohamia mashambani na kuimbwa na vikundi vya wakulima. Uwindaji wa tembo ulikoma, misafara ya wapagazi ikakoma, lakini nyimbo hazikuzikwa pamoja na kazi hizo. Zilivishwa nguo mpya, zikapewa jembe badala ya mkuki, zikaendelea kuishi.

KAMATI NA SANTURI

Wazee wetu waliopiga muziki wa dansi walikutana na hakimu mwingine. Baada ya redio kuwa ya taifa mwaka 1965, Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa kurekodia muziki nchini, mpaka redio na studio za watu binafsi zilipoanza kushamiri katika miaka ya 1990. Kabla bendi haijaingia studio, maneno ya nyimbo zake yalisomwa kwanza. Neno lililoonekana kuwa na utovu wa adabu au kuleta mfarakano lilirudishwa kwa mtunzi alirekebishe. Wengi walilalamika, na wengine walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, katika ulazima huo watunzi kadha wa kadha walijifunza kusema kwa mafumbo jambo ambalo lisingeruhusiwa kusemwa waziwazi.

Aliyetaka kutoa santuri alikwenda Nairobi, na huko alikuta sharti jingine. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu, ilhali wimbo wa dansi ukumbini uliweza kuchukua dakika kumi na zaidi. Basi wimbo ulikatwa sehemu mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mara nyingi hadithi iliimbwa upande wa kwanza, na magitaa yakaachiwa upande wa pili. Hivyo soko lilibadili umbo la wimbo, lakini hadithi ilibaki ileile.

Hata katika siku za karibuni jambo hili limeonekana. Mwezi Machi mwaka 2017 mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", nao wimbo ukapigwa marufuku. Haukupita muda, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato mkoani Geita, ameupenda wimbo huo na kwamba upigwe. Tena akashauri mtunzi auboreshe kwa kuongeza watu wa maovu mengine, kama wakwepa kodi. Tazama basi, ndugu msomaji: wimbo uleule, maneno yaleyale, hukumu mbili zilizo kinyume katika siku chache. Kukataliwa si kipimo cha thamani ya wimbo. Mara nyingi ni habari ya nani alikuwa mezani siku ile.

MAMA NA BIRIKA LA CHAI

Sasa tuchukue mfano, ili jambo lenyewe lionekane kwa macho.

Tuseme kijana wetu anakaa karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo, na wimbo wake ni wa maombolezo. Ameutunga kwa sababu amekulia katika habari za vifusi. Watu wa Kahama hawajasahau machimbo ya Nyangalata, ambako mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mwenzao mmoja hakuwahi kuuona mchana tena. Katika wimbo wa kijana huyu, mama ameketi penye mdomo wa duara, pembeni yake pana birika la chai. Anamngoja mwanawe. Chai inapoa. Anaipasha moto, inapoa tena. Wimbo una dakika tisa, nao ni wa Kisukuma tangu mwanzo hadi mwisho. Walioukataa walisema ni mrefu, ni wa huzuni, tena hauchezeki.

Baada ya miezi michache inatokea nafasi. Geita ni mji wa fedha inayozunguka: mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, soko la dhahabu likafunguliwa Machi 2019, na tangu mwaka 2018 mji huo umekuwa na maonyesho ya teknolojia ya madini. Penye fedha hutafutwa mwimbaji, awe wa harusi, wa kufungua duka, au wa kumsifu mwenye shughuli. Tuseme mfanyabiashara wa kofia ngumu, viatu vya mpira na kamba anataka wimbo wa dakika moja wa kupiga kwenye gari la matangazo. Kijana anaukumbuka wimbo wake wa mama na birika.

Hapa ndipo penye mtihani. Mfanyabiashara anataka watu wachangamke. Kijana anaweza kumfuta mama, akaliondoa birika, akaweka sifa za tajiri na utamu wa dhahabu. Atalipwa. Lakini wimbo huo utakuwa kama nyimbo nyingine mia, na pesa ikishakwisha, hatakuwa na kitu mkononi.

Afanyeje basi? La kwanza, ajiulize sababu ya kukataliwa, sababu moja baada ya nyingine. Urefu ni nguo, hukatwa. Lugha nayo yaweza kupunguzwa: beti ziwe za Kiswahili ili mgeni kutoka Mbeya au Tanga aelewe, na kiitikio kibaki cha Kisukuma, kwa kuwa ndicho chenye ladha. Mwendo wa ngoma waweza kuongezwa kidogo. Lakini mama, birika na mdomo wa duara ndio mwili wa wimbo. Hivyo visiguswe.

La pili, aanze na birika. Katika wimbo wa dakika tisa mtu huweza kwanza kuwasalimu wenyeji, akataja kijiji na ukoo wake. Katika dakika moja hakuna nafasi hiyo. Anayepita na baiskeli penye gari la matangazo asikie mara moja neno litakalomfanya apunguze mwendo.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni namna ya kuigeuza huzuni bila kuidanganya. Katika wimbo wa kwanza mwana hakutoka. Mfanyabiashara hawezi kuuza kofia kwa jeneza, wala haifai kijana ageuze uongo, aseme kwamba wote huingia na wote hutoka. Basi na asogeze saa nyuma. Badala ya jioni, iwe asubuhi. Chai bado ina moto, mwana hajaingia shimoni, na mama anamwita kutoka mlangoni: umeisahau kofia yako. Hapo hakuna aliyekufa, na kila msikilizaji wa ukanda huu anajua ni nini ambacho mama huyo anakihofia. Maombolezo yamekuwa maonyo. Kiini ni kilekile.

La nne, ikiwa wimbo wa awali ulitaja marehemu wa kweli, jina lake liondolewe katika tangazo, ama aende kwanza kwa wazazi wake akaombe ruhusa kwa heshima. Msiba wa mtu haukodishwi bila wenyewe kujua.

La mwisho, wimbo wa dakika tisa usitupwe. Uandikwe safi katika daftari, uimbwe matangani na katika mikesha. Tangazo ni mtoto wa wimbo huo. Mtoto hamfukuzi mzazi.

SIMBA ALIYEPOTEA JINA

Fundisho la fedha tulitafute katika mji mwingine wa dhahabu, nao ni Johannesburg. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi ya kufunga santuri katika kampuni ya Gallo, alirekodi pamoja na wenzake wimbo wa "Mbube", maana yake simba. Alilipwa shilingi kumi, na haki zote zikabaki kwa kampuni. Baadaye santuri hiyo ilifika Marekani pamoja na nyingine zilizopelekwa kwa kampuni ya Decca, ambako hazikuonekana kuwa na thamani, zikawa karibu kutupwa. Mtafiti Alan Lomax akaziokoa, akampelekea mwimbaji Pete Seeger. Seeger alisikia vibaya neno la Kizulu, na wimbo ukatoka kwa jina la "Wimoweh", neno lisilokuwa na maana kwa Mzulu yeyote. Mwaka 1961 ukaandikiwa maneno ya Kiingereza, ukaimbwa na kundi la The Tokens na kuzunguka dunia nzima.

Huo ndio wimbo uliokuwa karibu kutupwa ukafanyiwa kazi mpaka ukatajirisha watu. Lakini Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe la jina. Ni mwaka 2006 tu ndipo binti zake walipofikia mapatano ya kulipwa, baada ya kesi iliyofunguliwa Afrika Kusini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sababu hiyo, mzazi mwenye kijana mtunzi asimwachie aende peke yake kupokea bahasha. Na iwepo karatasi inayosema wimbo utatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na kwamba mtunzi ndiye mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na COSOTA ndiyo inayoandikisha kazi hizo. Sheria hiyohiyo hukata pande zote mbili: anayetaka kuubadili wimbo wa mwingine lazima aombe idhini. Tena ngoma za jadi si shamba lisilo na mwenyewe. Anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mila yake hana budi kwanza kwenda Baraza la Sanaa la Taifa.

Njia hiyo yaweza kumnufaisha zaidi ya mmoja. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", walioujenga juu ya wimbo wa mwaka 2001 wa Saida Karoli wa Kagera. Vijana wengi waliokuwa wadogo mno mwaka 2001 wakaanza kuuliza habari za mama huyo, na mwaka uliofuata Saida naye akatoa wimbo mpya.

Basi, ndugu msomaji, kijana wako akirudi jioni na neno lile moja, usimwambie aache mchezo akatafute kazi, wala usimwambie awape wanachotaka. Mpe chai kwanza. Kisha mwambie akuimbie ule wimbo uliokataliwa, tangu mwanzo hadi mwisho, nawe usikilize kwa makini ni wapi umeguswa. Ukishapajua, mwonyeshe: "Hapa, mwanangu, usipaguse. Pengine pote, chukua kalamu."