Kwa nini kadhi huteuliwa na mtawala

Hapa Mwika wengi huuliza: Waislamu wakitaka kadhi, si wamteue wenyewe msikitini?

Jibu limo katika fikra yao juu ya utawala. Al-Mawardi, mwanasheria wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alifundisha kuwa kadhi hupata mamlaka kwa kuteuliwa na mtawala. Sheria yenyewe mtawala haitungi. Hufafanuliwa na wanazuoni, naye yuko chini yake. Mufti hutoa fatwa, ambayo ni rai. Kadhi hutoa hukumu, na hukumu huhitaji mkono wa dola.

Kenya inawatambua makadhi katika Katiba ya 2010, ibara ya 170. Zanzibar wapo kwa sheria. Bara mahakama zao hazikuendelea baada ya uhuru, na muswada uliogusa jambo hilo uliwekwa kando bungeni mwaka 2015.

Sisi Wakristo tuliogopa dola kubeba dini. Hofu hiyo ina msingi, ila tulisikiliza kidogo mno. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumuni ya mali. Kwa mila yetu ya Kichaga, kihamba huenda kwa wana wa kiume.